Majira ya Baridi Bila Mfagiaji

Cambridge, Massachusetts
22 Septemba 1985

Shangazi Thelma mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Joto limepungua, wanafunzi wamerudi, na barabara yetu imejaa magodoro ya wanaohamia na ya waliohama, huwezi kujua lipi ni la nani. Kazini ni salama.

Lililonifanya niandike ni hili: nimepewa mashine. Si ya kugawana na wenzangu kama zamani, ni yangu peke yangu, na kumbukumbu yake ni kubwa kiasi kwamba za kompyuta zote ulizofanyia kazi wewe zingeingia kwenye kona moja na nafasi ikabaki. Profesa Halloran amenikubalia jaribio.

Unajua kompyuta zetu zinavyokwenda. Programu ikihitaji kitu inakitengeneza, ikimaliza inakiacha palepale. Kumbukumbu ikikaribia kujaa anaingia mfagiaji, anapita kila mahali akitenganisha kinachotumika na taka. Akiingia yeye, kazi yako inasimama. Unaweza kwenda kula kwenye mkahawa wa Wachina, ukashiba, ukarudi na kumkuta bado anafagia. Kwa hiyo hapa maabara kila mtu anamfungia nje, ingawa hakuna anayelisema wazi. Tunafanya kazi siku kadhaa, mashine ikijaa tunaizima, tunaiwasha, tunaanza na sakafu tupu.

Mimi nasema hivi. Kumbukumbu inazidi kukua kila mwaka. Itafika siku mtu mmoja hataweza kuijaza kwa maisha yake yote ya kazi. Siku hiyo mfagiaji wa nini? Nitaiendesha mashine hii kuanzia Oktoba mpaka majira ya kuchipua, bila kufagia hata mara moja na bila kuizima, nikiitumia kila siku kama mtu anavyotumia meza yake. Ikifika Aprili na nafasi bado ipo, nitakuwa nimeonyesha jambo. Najua utanibishia, na ndiyo sababu nakuandikia wewe.

Mwanao,
Dwight


Lubec, Maine
6 Oktoba 1985

Mwanangu Dwight,

Barua yako nimeipokea nami ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Leona Beal wa nyumba ya pili anakusalimu. Paka wake amezaa tena chini ya ngazi zangu, sijui zake zina kasoro gani. Kiwanda cha samaki wa makopo kimefungwa kabisa safari hii, na harufu tuliyoilalamikia miaka yote sasa watu wanaiulizia. Msalimie mkeo Corinne. Hajaniandikia tangu Juni, na si kawaida yake.

Haya, mashine yako. Nilipoanza kazi, kumbukumbu ilikuwa vijipete vya chuma vilivyopitishiwa nyaya, na waliovisuka walikuwa wanawake, kwa mkono, kama wanasuka lesi. Hatukuwa na mfagiaji wa kukodi. Ukimaliza kutumia mahali, ulipaachia mwenzako. Ukisahau, mzee Trask, msimamizi wetu, alikuja kusimama nyuma ya kiti chako na kukuuliza mbele za watu unamwekea nani. Kila baada ya miaka michache walituletea kumbukumbu kubwa zaidi, na kila mara mtu alisema hii sasa haitajaa. Nami nimewahi kusema hivyo, tena kwa kujiamini. Zilijaa zote, maana mtu akipewa sebule kubwa habaki na viti vilevile. Lakini sitaki kukuvunja moyo. Huenda wewe ukawa wa kwanza.

Nina jambo langu pia. Nimekubali kuhamia kwenye nyumba ya wazee huko Bangor mwisho wa Februari. Ngazi zimenishinda, na nyumba hii imepata mnunuzi kutoka Connecticut ambaye anaiona inapendeza. Naomba uje Krismasi, wewe na Corinne, mkae siku chache. Utachagua vitu unavyovitaka, nami nitakaa pale mezani nikutazame unavyokula. Sina ombi lingine mwaka huu.

Ningekupigia simu, lakini unajua sisi kwenye simu: wote wawili tunanyamaza mpaka mmoja anakata.

Shangazi yako,
Thelma


Cambridge
1 Desemba 1985

Shangazi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa hivi. Natumaini goti ni afadhali na paka wamepata pa kwenda. Sikukuu ya Shukrani imepita vizuri. Nilikula mkate wenye nyama ya bata mzinga hapahapa, karibu na mashine, kulikuwa kimya na kazi ikaenda sana. Hapa wote tu wazima.

Krismasi sitaweza, Shangazi, naomba unielewe. Kumbukumbu ya mashine hii inaishi kwa umeme. Ukikatika kwa kufumba na kufumbua, kila kitu kimekwisha na jaribio limekufa. Nimefunika swichi kwa utepe na kuandika onyo, lakini wiki iliyopita kijana mmoja alitaka kuchomeka birika lake la kahawa palepale, nikamrukia kama niliyemkamata mwizi. Tena lazima niitumie mwenyewe kila siku. Nikiondoka siku nne watasema haikujaa kwa sababu hakuna aliyekuwa akifanya kazi.

Nimefikiria uliyosema kuhusu sebule na viti. Ni kweli kwa watu wengi wakitumia mashine moja. Lakini mimi ni mtu mmoja, na mikono yangu ni miwili. Nafasi inakua haraka kuliko ninavyoweza kuandika. Wewe ulifagia kwa sababu mlikuwa maskini wa nafasi, si kwa sababu kufagia ni jambo jema.

Na kuhusu nyumba: kwa nini utupe chochote? Siku hizi kuna maghala ya kukodi huko Ellsworth. Weka kila kitu humo, hata vikombe vilivyopasuka. Nitakuja kuchagua nikipata wasaa.

Mwanao,
Dwight


Lubec
15 Desemba 1985

Mwanangu Dwight,

Theluji imeanguka na Leona amenifagilia njia kabla sijaamka, kisha akakataa kahawa ili niendelee kuona aibu. Mengine ni ya kawaida. Tafadhali weka utepe mpya kwenye taipureta yako, maandishi yamefifia mno. Au ni macho yangu, siku hizi yananichagulia cha kusoma.

Umeandika kwamba hapo wote mu wazima. Wote ni akina nani? Sikuulizi zaidi ya hapo.

Krismasi basi. Nilikuwa nimeshaagiza nyama, nitaila na Leona.

Sasa nikuulize wewe uliyesoma kuliko mimi. Taka ni nini? Mfagiaji wako hajui kizuri wala kibaya. Anaanza na vitu vichache vilivyo mkononi, anafuata uzi kutoka kimoja mpaka kingine, na kila anachokifikia anakihesabu kuwa hai. Kisichofikiwa na uzi wowote ndicho taka, hata kingekuwa dhahabu. Basi ukimfungia nje umeokoa nini? Kile kitu bado kimo ndani, nakubali, lakini hakuna njia duniani ya kukifikia. Huwezi kukiita, huwezi kukiuliza kitu. Mimi naona hujakitunza hata kidogo, umekataa tu kuambiwa kwamba umekipoteza.

Jana nilikaa jikoni nikafanya hesabu hiyohiyo juu yangu mwenyewe, kwa mchezo tu. Baba yako hayupo. Trask hayupo. Wale wasichana wa chumba cha mashine, wa mwisho alizikwa majira ya kuchipua yaliyopita. Leona ananijua, lakini Bangor ni mbali na hana gari. Nikifuata nyuzi zote zinazoweza kunifikia nikishahama hapa, Dwight, umebaki wewe. Sisemi ili unihurumie. Nina upweke, hilo ni kweli, na nimeona nikuandikie wakati bado naweza kuliandika bila kulia.

Vikombe vilivyopasuka nimevitupa.

Shangazi yako,
Thelma


Cambridge
26 Januari 1986

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. Hapa theluji ni nyingi, watu wanaweka viti vibovu barabarani kulinda nafasi za magari walizozichimba kwenye theluji, na jana wanaume wawili wazima walikaribia kupigana kwa ajili ya kiti cha jikoni. Utepe ni mpya, kama unavyoona.

Corinne aliondoka Agosti. Yuko kwa dada yake Rhode Island. Hatukugombana. Alisema kuishi nami ni kama kungoja kwenye benchi la posta, nami nikamwambia nitamjibu nikimaliza sehemu niliyokuwa nikiiandika, na nilipomaliza alikuwa amekwenda. Sikukuandikia kwa sababu nikikuandikia itakuwa imetokea. Buti zake za majira ya baridi bado ziko mlangoni na kila siku nazipita. Nyumba imekuwa kubwa na sina mtu wa kuzungumza naye ila wewe na mashine, na mashine inajibu haraka kuliko posta.

Jumatano mashine ilinijibu jambo nisilolitaka. Imeandika onyo kwenye kioo: nafasi iliyobaki ikipungua kupita hapa, hata nikitaka kufagia sitaweza. Mfagiaji anahitaji pa kuhamishia vilivyo hai anaposafisha, kama unavyohitaji pa kuweka meza unapoosha sakafu. Vilivyo hai kwenye mashine yangu sasa ni vingi, na pa kuviweka panakwisha. Kwa hiyo nikiendelea sitaweza tena kubadili mawazo. Ama inafika Aprili yenyewe ama inajaa na kufa. Halloran anasema uamuzi ni wangu.

Nimeamua kuendelea. Kwa hiyo Februari pia naiona ngumu. Je, hatuwezi kusema Aprili? Nitakuja Bangor moja kwa moja, na nitakaa.

Mwanao,
Dwight


Lubec
9 Februari 1986

Dwight mwanangu,

Samahani kwa herufi kubwa, na kwa mistari inayopanda mlima.

Pole kwa Corinne. Nilijua tangu Oktoba. Nilimpenda na bado nampenda, na najua wewe pia. Mtumie buti zake, kuna theluji Rhode Island kama kwingine.

Onyo la mashine yako nimelisoma kwa kioo cha kukuzia, nikalielewa kuliko wewe. Mimi nami nakupa langu. Njoo kabla ya tarehe ishirini na nane. Usikae. Njoo uingie, unywe chai, urudi kwenye swichi yako. Daktari ameniambia jambo huko Machias, na sitaki kuliandika wala kuulizwa. Aprili haifai.

Thelma


Cambridge
23 Machi 1986

Shangazi mpendwa,

Naituma hii kwa anwani ya Bangor uliyonipa vuli. Natumaini umefika salama, chumba kina dirisha, na watu wa huko wana adabu.

Nilikuja. Yaani, nilifika kituo cha mabasi tarehe ishirini na saba Februari, nikiwa na tiketi na begi. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Ndipo theluji ikaanza, ile nzito yenye maji, na taa za kituo zikacheza mara moja. Nikafikiria waya zote za mji huu na theluji ile juu yake, na miezi yote niliyoweka mle ndani. Nikarudi. Nilikaa kando ya mashine mpaka asubuhi na umeme haukukatika. Taa hazikucheza tena hata kidogo. Nimetaka kukuandikia hili kila siku tangu hapo na nimeshindwa.

Hujaniandikia, na unayo haki.

Huenda ukapenda kujua kwamba nimeshinda ubishi wetu. Tuko mwisho wa Machi na nafasi bado ipo. Mtu mmoja, majira mazima ya baridi, hakuijaza. Lakini imekuwa nzito ajabu. Vilivyo hai vimetawanyika katikati ya vilivyokufa, na kila nikiomba kitu kidogo inabidi ikisake kwenye diski, inakwangua, inakwangua, na mimi naitazama. Juzi nilipoona namba ya mwisho nilisimama kwenda kumwambia mtu. Wote walikuwa wamekwenda kula na hawakunialika, kwa sababu wameshazoea kwamba huwa siendi.

Niandikie japo mstari mmoja. Nitukane ukipenda.

Mwanao,
Dwight


Cambridge
13 Aprili 1986

Shangazi,

Bado kimya. Nilipiga simu pale, mama mmoja akaniambia upo, unakula, na huji kwenye simu.

Jana niliizima mashine. Kufagia haikuwezekana tena, kama ilivyonionya, kwa hiyo nilipitia mwenyewe kwa mkono na kutoa nilivyovihitaji. Vyote viliingia kwenye tepu moja, na tepu imo kwenye mfuko wa koti langu. Kisha nikabandua utepe na kubonyeza. Feni zilisimama na chumba kikawa kimya hata nikasikia watu wanacheka mwisho wa ukumbi.

Buti nimezipeleka posta.

Nakuja Ijumaa na basi la mchana. Ukitaka kunifukuza nifukuze nikiwa mlangoni.

Dwight


Bangor, Maine
4 Mei 1986

Mwanangu Dwight,

Anayeandika hapa ni Bi. Ouellette, muuguzi wa zamu ya mchana. Naambiwa ana mwandiko mzuri. Nimemwomba aandike kila ninachosema na asinirekebishe, naye ameahidi, ingawa nasikia anavuta pumzi.

Natumaini ulifika salama na hukusahau begi kwenye basi. Mimi ni mzima. Chakula cha hapa ni laini kuliko inavyostahili. Leona alipata lifti akaja Jumatano, akaniletea mkate mweusi na umbea wa mji mzima, na yule mtu wa Connecticut ameshapaka nyumba yangu rangi ya njano. Hilo angalau sitaliona.

Barua zako mbili zilikaa mezani wiki kadhaa. Nilizijua kwa kuzipapasa, unabana sana mkunjo wa bahasha. Sikutaka mgeni anisomee mambo yako, ilibidi kwanza nimzoee huyu. Hiyo ndiyo sababu ya kimya. Hasira pia ilikuwapo, lakini iliisha mapema.

Kuhusu mashine, mwambie profesa wako kwamba Thelma Pinkham amekubali kushindwa. Majira ya baridi yamepita bila mfagiaji na nafasi ikabaki. Andika ripoti yako bila kuona haya, maana ni kweli, na wakikupa kubwa zaidi ipokee. Mimi nilikubishia mashine kwa sababu mashine ndiyo uliyoniandikia.

Siku ile ulipoingia ulisema Shangazi, nikakutambua, kisha ukanyamaza kama kwenye simu. Nikasikia begi linashuka sakafuni. Nilipokushika uso ulikuwa na ndevu, na zilikuwa zimelowa, nami nikafanya utani kuhusu mvua ya Boston kwa sababu sikujua la kufanya. Uliniuliza kwa nini sikukuambia kwamba ni macho, kwamba Februari ndiyo ilikuwa mwisho wa kuona kwangu. Nilikujibu ovyo kwamba hukuuliza. Nimelifikiria tangu uondoke. Ningekuambia ungekuja mbio, umeme ukatike usikatike. Ungekuja kwa ajili ya macho. Mimi nilitaka uje kwa sababu nimekuita. Lilikuwa jambo la kijinga, na limetugharimu wote wawili, na ningekuwa na nafasi nyingine sidhani kama ningefanya tofauti.

Bi. Ouellette ananiuliza kama aandike hili linalofuata. Aandike.

Mara ya mwisho kukuona ilikuwa ile Juni ya mwaka juzi, mkiondoka. Nilisimama mlangoni nikupungie mkono, na wewe ulikuwa umeinama ndani ya gari unapanga masanduku. Kisha mkaondoka. Basi nina mgongo wako, Dwight, na koti la kijivu, na sehemu kidogo ya sikio. Nakaa hapa kwenye kiti na kuuambia ule mgongo ugeuke, nao haugeuki.

Shangazi yako akupendaye,
Thelma